Kompyuta Iliyotiwa Mafuta ya Cherehani

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa Mama, Chamazi, natafuta kifungo cha shati la mume wangu. Nilipolifungua kopo lake la biskuti, lile la bati analowekea vikorokoro vya ushonaji, harufu ikanifikia kabla macho hayajaona kitu. Mafuta ya cherehani. Wengi wenu mtasema mafuta yale hayana harufu, na siwalaumu kama hamkulelewa na fundi. Sisi tuliolala mchana chini ya meza ya kukatia tunaijua vizuri. Ni harufu nyepesi, yenye uchuma kidogo, inayokuja pamoja na chaki na vumbi la kitambaa kipya, na mimi nikiisikia huwa nasikia njaa, maana ndiyo harufu ya sebule yetu mwezi wa Ramadhani.

Chini kabisa ya kopo, chini ya bobini na zipu za zamani, palikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha satini ya zambarau. Nikakifungua. Ilikuwa diski ya kompyuta yetu ya kwanza, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila unachokiandika. Pembeni mwa tundu lake dogo bado palikuwa na doa la mafuta. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza kutoka uani kama nimepata kifungo au nimepata wazimu.

Mimi leo ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu Manzese, na nimeona mengi yakitolewa ndani ya mashine za watu: mende, wali, hata jino la mtoto. Lakini diski iliyotiwa mafuta ya cherehani nimeiona moja tu maishani, na aliyeitia mafuta ni mama yangu mzazi, mbele ya macho yangu, nami nimemshikia tochi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tumehamia Chamazi kutoka Tandika, kwenye nyumba ambayo haijaisha. Sebule ilikuwa na sakafu, vyumba vya nyuma bado ni mchanga, na umeme ulikuwa umetufikia mwaka mmoja tu uliopita. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, kwa hiyo tulimwona siku mbili tukamkosa wiki tatu. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi ya Mama. Alishona nguo za kike, na wateja wake wa Tandika walimfuata mpaka huko porini, wakifika na vumbi miguuni na vitambaa kwapani, wakilalamika juu ya umbali na wakati huohuo wakivua viatu waingie.

Mama hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Neno lake kubwa lilikuwa "nguo ya watu." Ukikimbia karibu na meza, "angalia, nguo ya watu hiyo." Ukimwita wakati anakata, "subiri, nguo ya watu." Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani Watu ni jina la mtu, tajiri mmoja mwenye nguo nyingi kuliko wote.

Kompyuta aliileta Mjomba Shabani, ndugu yake Mama wa tumbo moja, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Duka lilinunua mashine mpya, ya zamani akapewa yeye, naye akatuletea sisi juu ya bajaji akiwa ameikumbatia. Soketi nzima ilikuwa moja tu pale sebuleni, karibu na cherehani, basi kompyuta ikawekwa kwenye ncha ya meza ya Mama. Yeye akikanyaga cherehani, skrini inatikisika. Hatukuona ubaya wowote. Mjomba alinifundisha kwa Jumapili mbili jinsi ya kutengeneza jedwali, majina huku na namba kule, na kuanzia hapo nikawa sishikiki.

Sasa, Mama alikuwa na kaunta buku lake la vipimo. Lilikuwa na gamba jekundu lililobanduka, na ndani yake mlikuwa na wanawake wote wa Tandika na Chamazi, mabega yao, vifua vyao, viuno na nyonga, kwa mwandiko wake wa kulala. Wengine walifutwa na kuandikwa upya kila walipojifungua. Nikamwambia Mama kwamba mambo ya kaunta buku yamepitwa na wakati, kwamba sie sasa tuna kompyuta, na vipimo vyote vinapaswa kuingia mle. Nilimwambia asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Mwishowe akasema, "Haya, ingiza," bila kuinua kichwa.

Niliingiza kwa siku nne. Kwanza nilipanga majina yote, thelathini na moja, kutoka juu hadi chini. Kisha nikaanza kujaza namba mbele ya kila jina, kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa nje. Katikati ya kazi Mama alinituma ukwaju, nikaenda, nikarudi, nikaendelea. Nilipomaliza nilijiona nimeijenga nyumba ile kwa mikono yangu.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mtaani kwetu palikuwa na Bi Moza, muuza karanga, aliyezifunga karanga zake kwenye vikoni vya karatasi. Watoto tulijua kwamba ukimpelekea daftari lililoisha anakupa karanga, na daftari likiwa nene anakupa mkono wake ukiwa umejaa. Basi mwezi wa Shaaban, siku moja nikiwa na hamu, nikaliangalia lile kaunta buku limekaa juu ya kabati bila kazi, nikaona limeshaisha. Vipimo si vimo kwenye kompyuta? Nikalipeleka. Bi Moza alinipa vikoni vitatu, nikavila vyote njiani.

Ramadhani ikaingia. Mafundi wote mnajua hali inavyokuwa. Vitambaa vya Idi vilianza kuja kumi la kwanza na kufikia kumi la pili meza haikuonekana. Mama alikuwa anapokea kwanza, anapanga, halafu anakata vyote kwa mpigo, na mwaka ule alipanga kuanza kukata zikiwa zimebaki siku kumi. Kwa hiyo nguo za Idi za wateja thelathini na mmoja zilikuwa zinasubiri Mama asome vipimo, na vipimo vilikuwa sehemu moja tu duniani.

Siku ya kukata, baada ya Alasiri, niliwasha kompyuta ikalia. Haikulia kama siku zote. Kwanza ilikwaruza, krrr krrr, kama mtu anakwangua ukoko, kisha chini ya ule mkwaruzo ikaanza kugonga. Tak. Tak-tak. Tak. Mama alisimamisha mguu juu ya pedali.

"Mjusi kafiri," akasema. "Kaingia mle ndani."

Akachukua kandambili, akasimama tayari, maana kwetu mjusi kafiri haulizwi mara mbili. Nikaipiga kompyuta ubavuni ili mjusi atoke. Hakutoka. Kugonga kukazidi.

Tukampigia Mjomba Shabani, tukaweka spika. Alikuwa Tanga msibani, sauti inakuja na kukatika.

"Shikamoo Mjomba. Kompyuta inalia."

"Marahaba. Inaliaje?"

Nikamwigizia. Krrr krrr, tak-tak.

"Siyo hivyo," Mama akaingilia. "We Shabani, inaanza kuvuta pumzi, halafu ndiyo inagonga. Hivi." Akaigiza na yeye, kwa ulimi, mwanamke mzima mwenye saumu yake.

Mjomba akatuomba tuigize tena, mmoja mmoja, na nyuma yake nikasikia watu wa msibani wakiuliza anaongea na nani. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo mimi huwaambia wateja wangu. Mkwaruzo ni feni, huo si neno. Lakini ikigonga tak-tak, hiyo huenda ni diski, na diski ikigonga inaweza kufa wakati wowote ikafa na kila kitu. "Izimeni. Kila mkiiwasha mnaimalizia. Nakuja Jumamosi na flashi, tutatoa nakala, kama—" Simu ikakatika.

Jumamosi ilikuwa siku tano mbele. Nikaizima kompyuta. Mama alikuwa anakunja kitambaa, polepole, ananitazama kwa pembeni.

"Si kaunta buku lipo?" akasema.

Wasomaji wangu, nilikuwa nimefunga siku ile, saumu yangu ya ishirini bila kula hata moja, na nilikuwa najisifia kwa kila mtu. Nikamtazama mama yangu nikasema, "Lipo."

"Lipo wapi?"

"Ndani."

"Haya," akasema, akaendelea kukunja.

Nikaenda ndani kama anayelifuata, nikakaa juu ya mchanga wa chumba cha nyuma nikalia kimyakimya. Niliona yote yatakavyokuwa. Mama atawaita wanawake thelathini na mmoja kuwapima upya zimebaki siku tisa, watasema fundi gani huyu anayepoteza vipimo vya watu, watachukua vitambaa vyao wakatafute fundi mwingine, na chanzo chake ni karanga. Sijui nilikaa muda gani. Niliposikia mlio wa bati sebuleni nilitoka.

Mama alikuwa ameliweka boksi la kompyuta sakafuni, juu ya kanga, amekunja miguu, ameshika bisibisi ya cherehani. Ubavu wa boksi ulikuwa tayari umetoka.

"Mjomba kasema tusiiwashe," nikamwambia, pua imejaa.

"Kasema tusiiwashe. Hajasema tusiiangalie. Lete tochi."

Hakuuliza kuhusu kaunta buku. Wala mimi sikuligusia.

Humo ndani, ndugu zangu, mlikuwa na duka la nguo. Feni ilikuwa imevuta kila kilichoruka sebuleni kwa miezi minane. Uzi mwekundu, uzi wa dhahabu, manyoya ya veleveti, kishikizo kimoja cha lulu alichokitafuta Mama mpaka akampunguzia mteja bei. Nyuzi zilikuwa zimejizungusha kwenye shina la feni mpaka zimekuwa donge. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Cherehani nayo, ukiiacha, uzi hujizungusha hivyohivyo kwenye gurudumu, na dawa yake aliijua. Alitumia kifumulio, akakata uzi mmojammoja bila kugusa mabawa ya feni, anapuliza, anakata, mpaka feni ikazunguka kwa kidole bila kukwaruza.

"Huyo mmoja," akasema. "Sasa yule anayegonga."

Akaniambia niwashe, mara moja tu, nihesabu kumi nizime. Nilimkumbusha alivyosema Mjomba. Akasema hata daktari lazima amsikie mgonjwa akikohoa. Kisha akachukua rula yake ya mbao, ile ndefu ya kukatia, akaweka ncha moja kwenye chuma cha kompyuta na ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Nikawasha. Akahamisha rula kutoka kwenye feni kwenda kwenye boksi la umeme, kutoka boksi la umeme kwenda kwenye mlango wa CD, na mwisho kwenye diski. Hapo akatulia, midomo ikicheza kidogo kama anayehesabu mishono.

"Zima. Ni huyu hapa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akizitibu cherehani za mafundi wenzake. Mimi leo nina vifaa vya kila aina, na bado chini ya meza yangu pana rula ya mbao. Wateja wakiniona nimeiweka sikioni wanatazamana. Nawaacha watazamane.

Alipoishika diski ikatikisika mkononi mwake. Ilipaswa kushikwa na skurubu nne. Mbili zilikuwa zimelala chini ya boksi, ya tatu imelegea, ya nne ndiyo pekee iliyokuwa kazini. Akaichomoa waya zake huku akinitaka nikumbuke upi ulikaa wapi, akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Na hapo ndipo alipoliona lile tundu.

Lilikuwa tundu dogo la mviringo juu ya gamba la diski, na pembeni yake maneno ya Kiingereza na kimshale.

"Wanasemaje hapa? We si ndiyo msomi?"

Nikasoma, nikatafsiri kadiri ya uwezo wangu wa darasa la tano. "Wanasema usizibe tundu hili."

Uso wa Mama ukafunguka. Nilimwona kabisa akiipenda kompyuta kwa mara ya kwanza. "Kumbe," akasema. "Kumbe ni mashine kama mashine." Kwa maana cherehani ina matundu sita ya namna ile, Mama aliyajua kwa vidole, na tundu ambalo fundi anaambiwa asilizibe lina kazi moja tu hapa duniani.

"Mama, tumuulize Mjomba kwanza."

Tukampigia. Hapatikani. Mama akachukua kile kichupa cha mafuta chenye mdomo mrefu, akakiinamisha, mkono wake umetulia kabisa. "Bismillahi," akasema, na tone moja likaning'inia, likang'aa, likaingia. Mimi nilifumba macho. Akataka kuongeza la pili, akatafakari, akasema mashine mpya hainyweshwi sana.

Baada ya hapo akafanya jambo ambalo wakati ule nililiona la kupamba tu. Alikata vipande vinne vya satini ya zambarau, kutoka pembeni mwa kitambaa cha Idi cha mteja wake Bi Hidaya, akavikunja na kuviweka kila upande diski inapokutana na bati, akazirudisha skurubu zote nne akazikaza mpaka mwisho, kisha akaifunga kwa lastiki ya sketi kwa usalama zaidi. Halafu akalinyanyua boksi lote akaliweka sakafuni, mbali na meza. "Hii meza inamtikisa," akasema. "Anayemlegeza ni mie na mguu wangu."

Adhana ya Magharibi ilitukuta bado tupo chini pale, tumezungukwa na skurubu. Tukafuturu hapohapo kwa tende na maji, mikono ikinuka mafuta, uji ukipoa jikoni. Nikala tende ya tatu nikiiangalia ile kompyuta kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Haya, washa," Mama akasema.

Nikawasha. Feni ilivuma taratibu. Tukasubiri ile tak. Mama aliweka rula sikioni, akafumba macho, nami nikamtazama usoni maana sikuthubutu kusikiliza mwenyewe. Skrini ikaja. Jedwali langu likaja, majina yote thelathini na moja. Mama akaishusha rula.

"Kanyamaza," akasema.

Nililia tena, safari hii kwa sauti, nikamrukia shingoni, karibu tumwage maji juu ya mashine tuliyoiponya. Alinipiga mgongoni vibao viwili vitatu kama anayemcheulisha mtoto mchanga, akacheka, akasema nimwache, nguo za watu zinasubiri.

Baada ya swala tukaanza kukata. Ile ndiyo saa ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu. Mama amesimama na mkasi na chaki, mimi kwenye kiti mbele ya skrini, namsomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Bi Asha, mabega kumi na nne, kifua thelathini na sita. Ehee. Bi Siwema. Ehee. Nilipofika kwa Bi Hidaya nikasoma, "Kiuno ishirini na mbili."

Mkasi ukasimama hewani. Mama akanitazama, akaitazama skrini kwa mbali.

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili. Imeandikwa."

"Ehee," akasema taratibu. "Endelea."

Nilidhani ni uchovu wa saumu. Tukaendelea mpaka jina la mwisho, na mbele ya jina la mwisho hapakuwa na kitu.

"Mama Rukia hana vipimo."

"Hana?"

"Hana. Labda hukumpima."

"Labda," akasema. "Huyo nitamkadiria."

Asubuhi ya Idi nilisimama barazani na gauni langu jipya, nikawaona wakipita kwenda na kurudi. Bi Hidaya katika satini yake ya zambarau, mwanamke mwenye mwili wake na anayejua kuubeba, nguo imemkaa kama amezaliwa nayo. Mama Rukia vilevile. Kila aliyepita alisimama kumpa Mama mkono wa Idi na kujigeuza aonekane nyuma. Mimi nilisimama kando yake nimevimba kifua. Nilijua ni nani aliyeziokoa nguo zile, ni sisi wawili na ile mashine.

Mjomba Shabani alipokuja na kuambiwa habari ya tone la mafuta, alikaa chini. Alitueleza kwamba lile tundu ni la pumzi, diski inavuta hewa humo, na kuitia mafuta ni sawa na kumtia mtu mafuta puani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Lakini kanyamaza." Kwa miaka mingi baadaye aliwashauri watu mtaani wazitie kompyuta zao mafuta, tone moja, na nashukuru kwamba wakati ule Chamazi kompyuta zilikuwa chache. Niliposomea kazi hii ndipo nilipojua kwamba nyuma ya lile tundu pana kichujio, tone la Mama liliishia hapo, na kilichoinyamazisha diski ni skurubu na vile vipande vya satini. Nilimweleza. Akasema sawa, na mafuta pia.

Haya yote nilikuwa nayajua. Kilichobaki nilikipata Jumatatu hii. Niliichukua ile diski nikaenda nayo kibandani Manzese, nikaazima waya wa kuunganishia, nikaiwasha bila matumaini. Ikazunguka. Ikavuma kwa utulivu. Faili langu lilikuwemo, na kwa macho ya mtu mzima nikalisoma mstari kwa mstari.

Bi Asha yuko sawa. Waliomfuata wako sawa. Kisha unafika kwa Bi Siwema, na hapo mtoto aliitwa akatumwa ukwaju, aliporudi akaruka mtu mmoja. Bi Siwema alipewa vipimo vya aliye chini yake, aliye chini yake akapewa vya wa chini zaidi, na hivyohivyo kushuka mpaka mwisho. Bi Hidaya, na mwili wake wote, alikuwa na kiuno cha Sharifa, mtoto wa darasa la pili. Sharifa alikuwa na nyonga za ajuza. Mama Rukia hakubakiwa na kitu. Wateja ishirini na wawili kati ya thelathini na mmoja nilimsomea Mama vipimo vya mtu mwingine, kwa sauti ya redio, na kila mmoja nguo yake ilimkaa.

Nikampigia simu palepale, mteja akiwa mbele yangu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?" Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia.

"Idi ile ya kompyuta. Bi Hidaya ulimkatia vipimo gani?"

"Vyake."

"Mie nilikusomea vya Sharifa."

"Najua."

"Sasa ulikataje?"

"Nimemshonea Hidaya tangu hajaolewa. Unadhani simjui?"

"Na wengine?"

"Na wengine." Cherehani ikasimama. "Kile kitabu nilikuwa naandika wateja waone naandika. Mtu akikuona huandiki hakuamini."

Nilikaa kwenye stuli. Nikafikiria ile jioni nzima, rula sikioni, uji umepoa, mwanamke ana nguo thelathini na moja za Idi ameziacha ili atoe uzi kwenye feni, uzi mmojammoja. "Kwa hiyo hukuwa unaihitaji ile kompyuta hata kidogo."

"Mie niihitaji ya nini? Ilikuwa kitu chako. Uliitengeneza siku nne na kidole kimoja. Nikaona uso wako, nikasema hii isife."

Mteja akajifanya anaangalia chaja ukutani. Na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia, na kwa sababu nina mtoto wangu sasa ambaye hunidanganya nikimtazama usoni, nikaona bora nimalize.

"Mama, kuna kitu sijawahi kukuambia. Lile kaunta buku."

"Ehee."

"Halikuwa ndani. Nilimpelekea Bi Moza, akanipa karanga."

Nikamsikia akicheka, kicheko cha chini kile cha ndani ya kanga.

"Kumi la kwanza nilinunua karanga za kufuturia," akasema. "Nikafungua karatasi nikakuta nyonga za Hidaya. Nilipokuuliza kama lipo, nilijua halipo. Nilitaka useme mwenyewe."

"Na sikusema."

"Hukusema. Nikaona nikikaa kukusubiri nguo za watu hazitaisha, nikachukua bisibisi." Nikasikia akivuta kiti, mguu unarudi kwenye pedali. "Leo umesema. Haya, kata simu, nguo ya watu hii."